MEKATILILI WA MENZA: JE, TWAMPIMA MTU KWA KIPIMO GANI?



Ndugu msomaji, dada msomaji, Ramadhani Karim. Tunamshukuru Mwenyezi Mungu (S.W.) aliyetufikisha mwezi huu mtukufu, hali ya kuwa wapo tuliofunga nao mwaka jana na leo wako makaburini. Katika kurasa hizi za maisha ya watu mashuhuri tumezowea kukuletea masahaba, maulamaa na mashujaa wa Kiislamu. Mara hii tumemchagua mtu ambaye labda hukumtarajia. Hakuwa Muislamu, na hatutaki kumfanya awe kile ambacho hakuwa. Lakini ni mtu wa hapa hapa kwetu, na katika maisha yake mna swali ambalo sisi Waislamu wa Malindi na Kilifi tunalikwepa kila siku.

Huenda ukitoka tarawehe hupita pale bustani ya mjini, iliyokuwa ikiitwa Uhuru Gardens. Kuna sanamu ya mwanamke. Watoto hucheza hapo, na vijana huketi wakipiga soga. Je, umewahi kumuuliza mwanao au mdogo wako yule ni nani? Wengi watakwambia ni Mekatilili. Ukiwauliza alifanya nini, watasema alimpiga Mzungu kofi. Basi, hapo hadithi imekwisha. Vasco da Gama aliyepita hapa siku chache mwaka 1498 tunamjua vizuri, na nguzo yake twawaonyesha wageni. Mama aliyezaliwa na akazikwa katika ardhi hii, habari zake hatuna.

Kaa nami kidogo, usubiri muadhini, tukumbushane.

MTOTO WA KIKE MMOJA

Jina lake la utotoni lilikuwa Mnyazi wa Menza. Alizaliwa upande wa Bamba, huko bara ya Kilifi, yapata miaka ya 1860. Wazazi wake walijaaliwa watoto watano, na Mnyazi peke yake ndiye alikuwa wa kike. Alipokua aliolewa akaenda kuishi Lango Baya. Alipozaa mtoto akamwita Katilili, basi kwa desturi ya Wagiriama akaitwa Mekatilili, yaani Mama Katilili. Ni vile vile sisi tunavyomwita mtu Mama Fatma au Mama Salim.

Sasa hebu tuangalie pwani yetu wakati ule ilikuwaje, na hapa inatupasa tuseme kweli hata kama inauma. Mji wa Malindi ulikuwa umekufa kwa muda mrefu, ukafufuliwa katika miaka hiyo hiyo ya 1860 chini ya usultani wa Zanzibar. Mashamba makubwa ya mtama, mawele na ufuta yakafunguliwa, na nafaka ikapakiwa majahazini kupelekwa Arabuni. Nani aliyelima? Watumwa. Wengi wao waliletwa kutoka mbali, upande wa Nyasa na Tanganyika. Na katika njaa kubwa ya miaka ya 1880, kuna Wagiriama waliowaweka watoto wao rehani kwa watu wa pwani ili wapate chakula, na katika hao wako ambao hawakurudi makwao tena.

Wenye mashamba hayo walikuwa wakisali, walikuwa wakifunga Ramadhani kama tunavyofunga mimi na wewe. Na watu wa bara walikuwa na jina walilowapa: Wanyika. Watu wa porini. Ukishamwita mtu hivyo, hujali tena ana akili gani wala ana mama gani anayemlilia.

Miongoni mwa waliochukuliwa alikuwa Mwarandu, ndugu yake Mnyazi. Masimulizi yanasema alichukuliwa na wafanyabiashara ya watumwa wa Kiarabu wakati wa soko, Mnyazi angali mtoto. Hakuonekana tena. Hakuna kaburi lake wala habari kwamba alifika wapi. Dada yake aliishi na hilo jeraha maisha yake yote.

Si haki pia kuficha upande wa pili. Watumwa waliotoroka mashambani, wale walioitwa watoro, walikimbilia bara na kujenga vijiji kama Fuladoyo. Wako Wagiriama waliowapokea na kuishi nao. Wale walioitwa watu wa porini ndio waliowapa hifadhi waliokimbia mji. Utumwa wenyewe haukufutwa kisheria pwani ya Kenya mpaka mwaka 1907. Mekatilili wakati huo ni mtu mzima, ana wana.

WAZUNGU WAFIKA BARA

Baada ya mtumwa kuachwa huru, mashamba yakakosa watu. Serikali ya Waingereza ilitaka vijana wa Kigiriama waende kufanya kazi katika mashamba ya Wazungu na kazi za serikali huko Mombasa. Wagiriama hawakuwa na haja ya kazi hizo. Walikuwa wakulima hodari, wamevuka mto Sabaki na kupata ardhi nzuri, na mahindi yao wakiyauza wenyewe. Mtu mwenye shamba lake ataendaje kuwa kibarua wa mwenziwe?

Ndipo ikadaiwa kodi ya nyumba, na mwaka 1912 akaletwa afisa mmoja, Arthur Champion, awasimamie Wagiriama. Aliteua machifu, akahesabu nyumba, akadai kodi na vijana.

Ujue, ndugu msomaji, kwamba serikali ile ilipima watu kwa rangi waziwazi, katika sheria. Mzungu juu. Kisha Mhindi na Mwarabu. Kisha Mwafrika, tena huyo naye akapangwa kwa kabila. Katika ukanda wa pwani, sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 iliwawezesha waliokuwa na ushahidi wa kumiliki kiwanja au shamba kusajili ardhi yao. Waliofaidika zaidi ni Waarabu, Waswahili na Wahindi wa mijini. Mijikenda wengi walijikuta ni maskwota katika ardhi waliyoilima. Ugomvi wa mashamba unaousikia leo kutoka Magarini mpaka Kilifi mizizi yake iko huko. Mkoloni alitugawa, kweli, lakini aliukuta ufa ushapasuka akautia kabari.

NGOMA YA MAZISHI

Sasa katika hali hiyo, ni nani alisimama? Si chifu, maana machifu walikuwa wa serikali. Aliyesimama ni mjane, mwanamke wa makamo kama nyanya yako pale nyumbani. Hakuwa na cheo wala hakusoma, na katika mila za Wagiriama wa wakati ule mabaraza ya kaya yalikuwa ya wazee wa kiume. Kama kungekuwa na mtu wa kuambiwa nyamaza, rudi jikoni, basi ni yeye.

Mekatilili alitumia kile alichokuwa nacho. Alikuwa na sauti, na alijua kucheza kifudu. Kifudu ni ngoma ya mazishi, na kwa desturi huchezwa watu wanapokuwa na msiba. Yeye akaicheza kijiji hadi kijiji, kana kwamba taifa zima limefiwa. Watu walipomuona wakauliza kulikoni, wakamfuata, na umati ukazidi kukua. Walipojaa ndipo alipowaeleza: watoto wanachukuliwa, ardhi itachukuliwa, na wanaume mmekaa tu.

Mwezi wa Agosti mwaka 1913 Champion aliitisha mkutano kutaka vijana. Wazee husimulia kwamba Mekatilili alikuja na kuku mwenye vifaranga. Akamwambia yule afisa ajaribu kumtwaa kifaranga mmoja. Alipopeleka mkono, kuku akamdonoa. Akamueleza kwamba ndivyo itakavyokuwa akigusa wana wa Wagiriama. Hii ni hadithi ya mdomo, na kila msimulizi huongeza chumvi yake, ndiyo hapo kofi linapoingia. Lakini kwamba alimpinga afisa wa serikali mbele ya watu, hilo halina shaka.

Pamoja na mzee aitwaye Wanje wa Mwadorikola, aliwakusanya watu Kaya Fungo. Huko wanawake waliapishwa kiapo chao na wanaume chao, kwamba hakuna atakayetoa kodi, wala kijana, wala msaada wowote kwa serikali. Viapo vya namna hiyo si njia yetu sisi Waislamu, na hatuwaiti vijana wetu huko. Tunachotaka ukione ni hiki: watu wazima wa kabila zima, wanaume kwa wanawake, walimsikiliza mama mmoja kwa sababu alichosema kilikuwa kweli.

KUTOKA JELA KWA MIGUU

Tarehe 17 Oktoba 1913 Mekatilili na Wanje walikamatwa. Walihukumiwa kuhamishwa miaka 5, wakapelekwa mbali sana, magharibi ya Kenya. Waingereza walidhani mambo yamekwisha. Mwanamke mzee ambaye hajui lugha ya watu wa huko, aende wapi?

Mwanzoni mwa mwaka 1914 walitoroka. Inasimuliwa kuwa walirudi kwa miguu, masafa ambayo watu huyakadiria kuwa kilomita 1,000, kupita misitu na mbuga zenye wanyama. Wewe na mimi tukiambiwa tutembee kutoka Malindi mpaka Watamu mchana wa Ramadhani, tutatafuta fatwa! Yeye alitembea kurudi kwao kuendelea na kazi ile ile.

Mwezi wa Agosti 1914, siku zile zile Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilipoanza, serikali iliilipua Kaya Fungo kwa baruti. Hapo ndipo vita vikawaka, vita ambavyo Wagiriama huviita Kondo ya Chembe, yaani vita vya mishale. Askari wa K.A.R. walikuja na bunduki, Wagiriama wana upinde. Wagiriama wapatao 150 waliuawa, nyumba nyingi zikachomwa, mifugo ikachukuliwa. Walipigwa faini ya rupia 100,000, wakatakiwa watoe wapagazi 1,000, na waliokuwa ng'ambo ya kaskazini ya Sabaki wakafukuzwa. Fikiria njaa iliyofuata.

Mekatilili mwenyewe alikamatwa tena akarudishwa uhamishoni. Aliachiliwa mwaka 1919. Alirudi Kaya Fungo, na hapo utaona ajabu nyingine: alipewa uongozi wa baraza la wanawake, na Wanje la wanaume. Ile serikali iliyotaka kuwafuta ilikubali kwamba bila hao wawili haiwezi kusema na Wagiriama. Alifariki katikati ya miaka ya 1920, akazikwa Bungale, huko Magarini. Miaka mingi ikapita bila ya taifa kumtaja. Mwaka 2010, sikukuu ya Mashujaa iliposherehekewa mara ya kwanza, ndipo alipokumbukwa kwa sanamu ile unayopita ukitoka msikitini.

Kuna waliomwita mchawi. Neno hilo lishike, tutalirudia.

JE, SISI LEO?

Sasa ndugu yangu, tuiache historia kidogo tujitazame. Watu husema mambo ya rangi na ukabila yalikwisha na ukoloni, na mambo ya mwanamke yalikwisha tangu Katiba ya mwaka 2010. Hivi ni kweli?

Chukua jambo la posa. Kijana wa Kigiriama amesilimu, au babake ndiye aliyesilimu. Amesoma madrasa, anafunga, saa ya alfajiri yuko safu ya kwanza. Hana ulevi, ana kazi ya halali. Akipeleka posa katika nyumba fulani za mjini, atakaribishwa, atapewa kahawa na halua, kisha atajibiwa kwamba binti bado anasoma. Mwezi wa pili binti huyo huyo anaozwa kwa mtu wa kabila linalotakiwa, hata kama msikitini haonekani mpaka siku ya Idd. Huku nyuma mtu anasema kwa sauti ya chini kwamba yule si mwenzetu, yule ni mahaji tu.

Mahaji! Neno zuri, lenye asili ya Hija, sisi tumeligeuza kuwa ukuta. Mtu amesilimu, babu yake alisilimu, na bado twamhesabu kuwa mgeni ndani ya dini yake. Huku kwao nako wako wanaomuona amewatupa. Hana kwake kuwili.

Wako wanaojitetea kwa masuala ya kufu. Sawa, maulamaa wamelizungumza jambo hilo na hatuna elimu ya kuwapinga hapa. Lakini tusisahau kwamba Mtume (S.A.W.) alimuozesha Zaid bin Haritha, aliyekuwa mtumwa, kwa Zainab binti Jahsh, binti wa shangazi yake mwenyewe. Siku ya kufunguliwa Makka, wakubwa wa Kikureshi wakiwa wanatazama, aliyeamrishwa kupanda juu ya Alkaaba kuadhini ni Bilal, mtu mweusi aliyekuwa akiburutwa katika mchanga wa moto. Abu Dharr alipomtukana mtu kwa sababu ya mamake, aliambiwa kwamba ndani yake bado mna ujahili. Ikiwa sahaba mkubwa aliambiwa hivyo, sisi tunaoitana majina barazani tutaambiwaje? Fungua Suratul Hujurat, aya ya 13, uisome na tafsiri yake kabla ya futari ya leo. Mizani ya Mwenyezi Mungu (S.W.) ni taqwa. Rangi na ukoo haviko katika mizani hiyo.

Haya, na mwanamke? Katika misikiti yetu mingi utakuta jengo la mamilioni, na mahali pa akina mama ni kijichumba cha nyuma, kipaza sauti kimeharibika na hakuna wa kukitengeneza. Kamati zikikaa, wao ndio waliopika futari ya mayatima, wao ndio waliochanga, lakini hakuna anayewauliza kitu. Binti akisema neno la maana ataambiwa ana mdomo. Ilhali Khawla binti Thaalaba alipeleka mashtaka yake mbele ya Mtume (S.A.W.), na Mwenyezi Mungu akamsikia na kuteremsha Suratul Mujadala. Baadaye, akiwa ajuza, alimsimamisha Umar njiani akampa nasaha hadharani, na yeye, Amiri wa Waumini, akasimama akamsikiliza mpaka akamaliza. Umar alimsikiliza. Champion hakumsikiliza Mekatilili. Wewe, kijana, unataka kufanana na nani katika wawili hao?

Na sasa turudi kwenye lile neno, mchawi. Katika kaunti yetu hii ya Kilifi, wazee wanauawa. Mvi zimegeuzwa kuwa hatia. Mzee akiwa na nywele nyeupe, akiwa mjane, akiwa na kipande cha shamba ambacho wanawe wanakitamani, anapachikwa jina la mchawi, na usiku anavamiwa kwa mapanga. Wengine wamelazimika kukimbia makwao na kupata hifadhi mahali kama Kaya Godoma huko Ganze. Mara nyingi sababu si uchawi, sababu ni ardhi. Hebu fikiria: laiti Mekatilili angekuwa hai leo, mjane mwenye mvi, mwenye maneno makali, mwenye shamba, angelala salama nyumbani kwake? Tunamsimamishia sanamu mjini, na huko vijijini tunawaua walio mfano wake. Na waliotendewa hayo, wako pia majirani zetu na jamaa zetu. Haitoshi kusema hayo ni ya watu wa bara. Ni maneno yale yale ya wale waliosema Wanyika.

TUJIFUNZE NINI?

1. Tuseme kweli juu ya historia yetu. Uislamu haukuja kumkamata Mwarandu sokoni. Walimkamata watu, kwa tamaa zao. Tukikubali hivyo tunaitakasa dini yetu, tukikataa tunaichafua. Na wengi wetu tulio mjini, tukifuatilia nasaba kwa ukweli, tutakuta damu ya mwenye shamba na ya mtumwa katika mshipa mmoja.

2. Wazazi, kijana akija kuposa, ulizeni dini yake na tabia zake kwanza. Mkimkataa, iwe kwa sababu mnayoweza kumtajia Mola wenu siku ya Kiyama bila ya kuona haya.

3. Kamati za misikiti, Ramadhani hii wawekeni akina mama wawili watatu katika mashauri yenu. Na kile kipaza sauti kitengenezeni.

4. Vijana, ukisikia mzee anatajwa uchawi, usinyamaze. Mwambie imamu, mwambie chifu, nenda ukae naye. Kumtembelea mzee aliye peke yake na sahani ya kaimati kabla ya magharibi ni sadaka, na huenda ikamuokoa roho yake.

5. Tuache majina. Mnyika, mahaji, mtumwa, mweusi, yote hayo. Tumefunga midomo na chakula, tuifunge na haya pia.

Ndugu msomaji, mama yule hakuwa na vitabu, wala jeshi, wala jina la ukoo la kujivunia mbele ya wakubwa. Alikuwa na uchungu wa ndugu yake na hakukubali uchungu huo uwapate watoto wa wengine. Sisi tuna Qur'ani, tuna mwendo wa Mtume (S.A.W.), tuna mwezi huu ambao milango ya rehema imefunguliwa. Hatuna udhuru.

Leo ukipita tena pale bustanini, simama kidogo. Kama uko na mtoto, mueleze yule ni nani. Mueleze pia habari za Mwarandu.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu (S.W.) azikubali funga zetu na visimamo vyetu, atutoe kibri katika nyoyo, awahifadhi wazee wetu, na aziunganishe nyoyo za watu wa pwani na wa bara. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam aleykum warahmatullahi wabarakatuh.